Sauti ya Mama Haikuwa Yako Kuuza

Kwako mukubwa wangu, mwana wa mama yangu,

Nimekupigia, namba haipiti. Nimekuandikia, ujumbe haufiki. Basi nimeamua kukuandikia hapa, kwenye ile tovuti yetu ya bei za maharagi, kwa sababu nakujua vizuri. Hata ukinifungia milango yote, kitu ulichokijenga kwa mikono yako lazima utakuja kukichungulia. Nimeondoa kila kilichokuwamo. Nimebakiza ukurasa mmoja mweupe na maandishi haya tu. Hauna picha, hauna urembo, hauli mega za intaneti za mutu. Wanaotufahamu nao watasoma, na asiyejua kusoma atasomewa na mutoto wake. Wasome. Sina cha kuficha, mwenye cha kuficha ni wewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa umemaliza shule, una ile kompyuta nzee iliyokuwa ikizima ukiigusa waya. Mimi nilikaa pembeni yako pale sebuleni, nyumbani mtaa wa Mapendo, ukinionyesha jinsi ya kuandika ukurasa mustari kwa mustari. Mama alikuwa akiuza maharagi yanayotoka mji wa Kiwanja, kule Rutshuru. Kila asubuhi alimpigia mama mwenzake wa huko kuuliza bei kabla gari halijapakia, na wamama wote wa soko wakawa wanakuja kumuuliza yeye. Siku moja uliwatazama wamejaa mlangoni ukaniambia, "Mudogo, mama ni tovuti tayari. Sisi tumutilie tu waya." Nilicheka hadi machozi. Nilikuona una akili kuliko watu wote wa Goma.

Wengi wa wale mama hawakusoma, kwa hiyo ukasema tovuti yetu isiandike, iongee. Ukachora punje ya maharagi, mutu akiigusa, anamsikia mama: "Leo Kiwanja imepanda. Mwenye haraka anunue kidogo, mwenye akili angojee gari ya kesho. Na mwenye kulala mpaka saa hii, akule usingizi." Ile ya usingizi hatukumuomba, aliiongeza mwenyewe kila siku, na ndiyo waliyoipenda. Wakaanza kumwita Mama wa Bei, sokoni, barabarani, hata kanisani. Akitembea unaona anavyojisikia. Na wewe ulinifundisha kwamba ukurasa usiofunguka kwenye simu ya mama si ukurasa, ni kelele. Maneno hayo nimeishi nayo kazini mpaka leo.

Kisha ukaanza kukimbilia vipya. Wiki hii unaniambia lugha fulani ya kuandikia programu imekufa, wiki ijayo unaniambia imefufuka na sisi ndio tumechelewa. Saa inayopima moyo, miwani inayopiga picha, simu inayokunjwa kama kitambaa. Ukiulizwa kitu kimekusaidia nini, hasira. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda, na wewe kidonda ulikikumbatia.

Usije ukasema mimi ni mushamba ninayeogopa mashine. Hapana. Akili bandia ninayo hapa kwenye kompyuta yangu, ninafanya nayo kazi kila siku. Inaandika kwa dakika chache yale tuliyokuwa tukihangaika nayo jioni nzima, nami ninapitia nyuma yake kusahihisha. Juzi nilimtengenezea ukurasa mushonaji mumoja wa hapa, ikanipa picha zinazocheza, kubwa ajabu, kwa wateja wanaonunua mega za saa moja. Nilizitoa zote. Sikuikasirikia. Haijawahi kukaa na watu wa hapa, itajuaje? Wewe ulijua. Ndiyo maana ninakukasirikia wewe.

Sasa nifike kwenye siku ile ya magodoro. Ulikuja na neno kwamba tovuti iweze kuongea hata siku mama anaumwa au yuko kanisani, mashine ijifunze sauti yake. Tukamuweka mama katikati ya magodoro mawili, maana mvua ya Goma juu ya mabati haimuachi mutu asikike, na wewe ukawa unamsomea sentensi naye anarudia. Mwanzo zilikuwa za maharagi. Baadaye nikasikia za ndege, za bahari, za bibi arusi, za dada mwenye uso mzuri. Mama akatoa kichwa nje, jasho linamtiririka, akakuuliza, "Mutoto wangu, maneno ya arusi inaingilia wapi kwa maharagi?"

Ukamjibu bila kusita, "Mama, mashine inapashwa kuzoea kinywa yako."

"Basi izoee mbio, niko na mboga ya sombe kwa moto."

Sote tulicheka, wewe zaidi. Ulijua tayari sentensi zile ni za nani na zinakwenda wapi. Mama hakukuomba karatasi wala sahihi. Nani kwetu anamuomba mutoto wake sahihi? Alikupa sauti yake kama alivyokupa chakula, ukafuta mikono ukaenda.

Ukaenda Nairobi. Ulituambia umepata kazi kwa watu wanaofundisha mashine kuongea Kiswahili chetu, si kile cha redio. Mama alitoa sadaka ya shukrani. Mimi nilijivuna kwa rafiki zangu, nikawaambia mukubwa wangu amefika.

Halafu ikaja Jumapili ile. Tulikuwa tumetoka ibada, wamama wamesimama uani wakisalimiana, mumoja akaweka sauti ya simu yake juu kabisa. Ikatoka sauti ya mama yetu. Mukubwa, ni yeye, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa neno. "Dada zangu, mbona mukae na uso wa kusinyaa? Mupakae hii mafuta, ngozi ing'are, bwana asitazame pengine." Mafuta ya kujichubua! Mama wa Bei, kiongozi wa wamama wa kanisa, anauza mafuta ya kujichubua! Wengine walicheka. Mama alishika tu mkoba wake. Wiki iliyofuata walimwambia kwa upole apumzike uongozi kwanza, mambo yatulie. Hayajatulia.

Na kati ya vitu vyote duniani, kwa nini mafuta hayo? Umemsahau mama mudogo? Dada wa mama yetu, aliyekuja toka Rutshuru mashavu yameungua kwa mafuta ya namna hiyo hiyo, ukampakia wewe mwenyewe kwenye pikipiki mpaka hospitali, ukimfunika kitambaa ili watu wasimtazame? Mpaka sasa anajifunika. Kwa sababu yake mama alipita nyumba kwa nyumba akiwaonya wasichana. Ile sauti iliyowaonya, ndiyo iliyokwenda kuwauzia.

Nilipokupigia siku ile ulishika simu, mara ya mwisho. Ukasema, "Mudogo, ile ni data tu. Na mama mwenyewe alikubali." Alikubali maharagi, mukubwa! Alikubali maharagi! Ukaniambia tena kwamba hata hivyo si sauti yake, ni mashine imeitengeneza upya kutoka kwenye vipande, na wenye mafuta ni wateja wa wateja wa kampuni yenu ya Nairobi, wewe huwajui. Kama si sauti yake, mbona mama mudogo alipoisikia aliizima simu akalia? Ulisema una kikao.

Kuna jambo hulijui, maana ulikata. Siku chache baadaye binti mumoja alikuja mezani kwa mama sokoni. Mashavu mekundu, yanachuruzika maji. Hakuja kugombana. Alisema taratibu tu, "Mama wa Bei, nilipakaa ile mafuta sababu ni weye ulisema."

Nilikuwa pale. Nilitaka kueleza mashine ni nini, sauti inaigwa vipi, mama akanitangulia. Mama hakusema "siyo miye." Alimshika mkono binti yule akasema, "Pole, mutoto wangu. Pole sana." Akafunga meza yake mchana mweupe akampeleka hospitali. Alibeba kosa lako kama lake.

Tangu hapo nyumba yetu imebadilika. Unajua alivyokuwa akiimba akichambua maharagi. Sasa nasikia mawe yakidondoka kwenye sahani, basi. Wamama wakimuuliza bei, ananyosha kidole wanitazame mimi. Simu ikilia anasema "eeh" moja ananipa. Ndiyo sababu nimezima sauti zote za tovuti, sikutaka kungoja aniombe.

Nenda kwa hao uliowapa. Waambie waifute sauti ya mama. Mimi ninafanya kazi hii, ninajua unachotaka kunijibu, kwamba chumvi ikishaingia kwenye mchuzi haitoki. Basi wamwage mchuzi. Na kama wakikataa, simama hadharani kwa jina lako useme kwamba mama yako hajawahi kuuza mafuta. Mutu akuone uso. Ni hilo tu ninalokudai, na sitaacha kulidai.

Juzi ilikuwa siku yako ya kuzaliwa. Kila mwaka mama anakutumia audio, ndefu, anaanzia mvua iliyokuwa ikinyesha ulipozaliwa, anakuombea kichwa, miguu, safari, mke. Mwaka huu pia aliomba simu. Alikaa kitandani, akaisogeza mdomoni, akabonyeza. Nilimuona anavuta pumzi. Halafu akaachia kidole, akanitazama, akauliza, "Nikimutumia, ataipeleka wapi?"

Akanirudishia simu. "Andika weye," akasema. "Umwambie nimemubariki. Lakini kwa kinywa yangu, hapana."

Nimeandika kama alivyonituma. Baraka hiyo ni ya mama, ipokee. Kwangu mimi usitafute kitu.

Mudogo wako,
Mapendo, Goma