Mtani wa Jumbe Barazani kwa Akida

Jumatatu, 12 Juni 1905
Msiba mwingine, wa tatu mwezi huu. Sikuitwa, nimekwenda. Nimechota maji, nimepasua kuni, kisha nikainuka nikamwigiza marehemu akitafuta tumbaku yake huku ameishika mkononi. Hata mjane amecheka. Likwata, shemeji yangu na mpiga ngoma wangu, anaona tunajichosha bure. Hajui kwamba aliyekuona kwenye shida ndiye atakayekuita kwenye sherehe.

Alhamisi, 15 Juni
Kijijini Mchombe. Nimekuja na chumvi. Mkono mtupu haulambwi. Nimevuna mpunga wa Jumbe, mkuu wa kijiji, siku nzima kabla ya kutaja ngoma. Yeye na mimi ni watani, ukoo kwa ukoo, toka kwa mababu. Ameniita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zake. Nimemwambia akifa nitamzika kifudifudi. Tumeelewana: sherehe ya mavuno ni yetu, mwezi wa nane.

Ijumaa, 16 Juni
Bado Mchombe. Askari amepita kuhimiza watu waende shamba la pamba la serikali. Jumbe akafoka, akapunga fimbo, akawaswaga watu njiani. Askari alipopotea, Jumbe akakohoa mara mbili. Wote wakarudi kwenye mpunga wao. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mchezo huo nimeuweka kichwani.

Jumapili, 2 Julai
Nyumbani, Kivukoni. Akida wa Ifakara, anayewasimamia majumbe kwa niaba ya Wajerumani, amesikia habari zangu. Ana wageni Jumatano, anataka kichekesho. Akinipenda nitaitwa kila baraza, na hatutapelekwa pamba, mimi wala Likwata. Likwata anasema tusiende. Tunakwenda. Woga haulishi watu.

Jumatano, 5 Julai
Nimemwigiza mpagazi mlevi. Hawakucheka. Nimemwigiza mchonga mitumbwi. Mgeni mmoja akapiga miayo. Nikaona kazi inaniponyoka. Nikamtoa Jumbe: kufoka, fimbo, vikohozi viwili, watu kurudi kinyumenyume. Wageni walitokwa machozi kwa kicheko. Akida alicheka kuliko wote, kisha akauliza kwa upole, "Huyo ni nani?"

Nikajibu kwa kujidai. Jumbe wa Mchombe, mtani wangu, namwigiza hata mbele ya macho yake.

Likwata aliacha kupiga ngoma. Mimi sikuacha kucheza.

Jumatatu, 10 Julai
Jumbe amechapwa viboko hamsa ishirini mbele ya watu wake, kwa amri ya Akida.

Jumanne, 11 Julai
Utani una ruhusa ya kusema lolote, lakini kati yetu. Nilikuwa najua. Naona aibu.

Akida ameniita tena. Amenipa kitambaa, akauliza kama nawajua majumbe wengine, na kama naweza kuwaigiza. Nimesema naumwa tumbo. Amesema atangoja nipone. Likwata amesema, "Shemeji, ngoma yangu itakaa nyumbani."

Jumatano, 19 Julai
Salamu kutoka Mchombe. Jumbe anasema mwizi wa kuku asisahau sherehe. Mtani hakasirikiwi, ndiyo desturi. Ningependa zaidi anitukane kweli.

Jumapili, 30 Julai
Akida ametuma mtu mara ya tatu. Nimejificha mtoni. Kila ninayepita karibu yake anaacha kuzungumza. Nasikia kuna dawa ya maji inayotembezwa vijijini, ukiinywa, risasi za Wajerumani hazikupati. Nasikia kwa mbali tu. Hakuna anayeniambia mimi.

Jumamosi, 12 Agosti
Mchombe. Nimekuja peke yangu. Jumbe anakaa upande upande. Nimewaigiza wazee, wawindaji, mimi mwenyewe. Wamecheka pale panapotakiwa kuchekwa.

Baada ya ngoma akaja mganga na chungu cha ile dawa ya maji. Watu walikaa mistari, kila mmoja akanywa, akanyunyiziwa kichwani. Likwata alikuwamo, sikujua kama amekuja. Chungu kikafika kwangu. Mganga akanitazama, akamtazama Jumbe.

"Huyu ni mgeni," Jumbe akasema. "Mpeni chakula."

Chungu kikaenda kwa aliyekaa baada yangu.

Nimepewa wali na kambale, sahani imejaa. Nimekula nyuma ya nyumba. Mke wa Jumbe amenishukuru kwa kuja, akanionyesha njia ya kurudi, ambayo naijua.

Wali ulikuwa mzuri. Mpunga mpya.