Misa ya Shukrani

Igombe,
12 Machi 1996

Dada Wilhelmina,

Shikamoo. Mvua zimeanza, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Mama ameniandikia kwamba ameomba misa ya shukrani huko Sengerema kwa kuwa nimepona. Kweli, surua iliisha tangu Krismasi na daktari ameniruhusu kufanya kazi. Lakini juzi nilikuwa nimejilaza mlangoni, dagaa nimewaanika mchangani, nikaona wingu linakuja. Miguu haikuniuma. Nilijua nikiinuka nitawahi kuwaanua. Sikuinuka. Walilowa wote nikiwatazama, wala sikuona uchungu.

Usimzuie mama. Acha jina langu lisomwe, watu washukuru. Nisipofika, waambie nimebanwa na kazi ya dagaa.

Mdogo wako,
Leokadia