Pigo la Baada ya Zumari

Kibokoni, Mombasa
4 Machi 1947

Kwa Mjomba wangu Sheikhan, Langoni, Lamu.

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa mwili, na nataraji barua hii itakukuta nawe mzima, na goti la mkaza mjomba limepoa.

Moyo ndio usio mzima, Mjomba. Nimefukuzwa kazi.

Unajua nilikuwa mnyapara wa ghala la ngozi pale Kilindini, na funguo zilikaa kiunoni mwangu. Sikuiba, sikuchelewa, sikumjibu Mzungu vibaya. Nimefukuzwa kwa sababu ya kirumbizi! Kwa kucheza fimbo harusini! Harusi ilikuwa mtaa wa Kuze, ngoma ikapigwa, zumari ikalia, nikaingia uwanjani na fimbo uliyonichongea wewe. Aliyetoka kunikabili ni Kamaludin, mpimaji wa mizani pale pale ghalani kwetu. Tulicheza mpaka wanawake wakapasua vigelegele. Nikampiga bega, akanipiga nyonga. Kisha nikampiga usoni. Fimbo ilichana nyusi ikashuka na jicho. Akapiga magoti, ameufunika uso kwa mikono miwili, na damu ikampita katikati ya vidole ikarowesha kanzu mpaka kiunoni. Jicho lile halitaona tena.

Jumatatu meneja akaniita. Karani wake, Joab, mtu wa bara, ndiye aliyetafsiri. Akaniuliza, "Ulimpiga?" Nami nikajibu kama wanavyojibu wachezaji wote: "Nilimpiga, tena barabara." Mchezaji gani atasema hakupiga? Joab akaandika, meneja akasoma. Tangu ule mgomo wa Januari, Wazungu wakiona fimbo wanaona vita. Akasema mtu wa kutoa wenzake macho hawezi kukabidhiwa watu. Nikamwambia harusi ya Kuze si ghala lake. Akaninyooshea kidole mlangoni.

Afisa wa Kazi amekubali kunisikiliza. Anataka mjuzi wa mchezo amwandikie kwamba kirumbizi ni mchezo, si ugomvi. Nani ataaminiwa kuliko wewe? Niandikie upesi, Mjomba, watoto wameshaanza kuniuliza mbona nashinda nyumbani.

Mpwa wako,
Taib


Langoni, Lamu
16 Machi 1947

Mpwa wangu Taib,

Wa alaykum salaam. Sisi hatujambo. Goti la mkaza mjomba wako siku hizi lina maneno mengi kuliko yeye mwenyewe, na hilo si jambo dogo.

Barua yako niliisoma nikacheka, Mungu anisamehe. Mtu wa bara anakuuliza ulimpiga, nawe unajisifu mbele yake! Kwetu sisi, kumpiga mtu uwanjani ni kumshinda. Kwa Joab wa watu, kupiga ni kupiga tu. Ungemwambia mlikuwa mkicheza, pengine leo ungekuwa na funguo zako. Kisha nikalifikiria lile jicho, na kicheko kikaniishia.

Kuandika nitaandika. Lakini nijibu jambo moja kwanza. Umenieleza kanzu, vidole na vigelegele, ila zumari umeitaja mwanzo tu. Sheria yetu unaijua, nilikufundisha ukiwa hata ndevu huna. Zumari ikilia, aliyepigwa hadai. Ikikoma, fimbo hushushwa na wachezaji hukumbatiana. Sasa niambie, ulipompiga Kamaludin usoni, zumari ilikuwa ikilia?

Na umekwenda kumtazama mgonjwa? Hilo nalo sikuliona katika barua.

Mjomba wako,
Sheikhan


Kibokoni, Mombasa
29 Machi 1947

Mjomba,

Shikamoo. Mombasa ni salama na mvua iko karibu. Mimi si salama.

Nilikwenda kumtazama mgonjwa, kama ulivyotaka. Nduguye alifungua mlango, akaniona, akaufunga. Nikagonga tena. Alipofungua mara ya pili alikuwa na mchi wa kinu, akanipiga nao mbavuni nikarudi nyuma mpaka ukuta wa jirani. Hayakuishia hapo. Walinikuta Marikiti, yeye na binamu zake, wakaniburura katikati ya matenga ya maembe wakanipiga mateke mpaka nikatapika. Watu waliokuwa wakinunua muhogo walisogeza vikapu vyao tu. Binamu mmoja aliniinamia akaniuliza, "Na hapa, zumari waisikia?" Akanikanyaga vidole.

Nawe pia unaniuliza zumari! Mbona hukuuliza Kamaludin aliniambia nini? Wakati wa mgomo mimi nilikwenda kazini. Nina watoto, Mjomba, na watoto hawagomi kula. Basi tulipokaribiana uwanjani, kichwa kwa kichwa, alininong'oneza: "Cheza, mke wa Mzungu." Mbele ya watu wa mji mzima, na hakuna aliyemsikia ila mimi! Nimetukanwa hivyo, halafu niwe natega masikio kusikiliza ngoma? Kichwa kilinivuma. Nilimwona yeye tu.

Nakuomba, andika kwamba ilikuwa mchezo. Afisa anakungoja wewe. Usiponisaidia, sitapata kazi tena bandarini, kwani jina langu limeshazungushwa kila ghala.

Mpwa wako,
Taib


Langoni, Lamu
14 Aprili 1947

Taib,

Marahaba. Sisi hatujambo.

Abdulhalim, aliyepiga zumari harusini kule Kuze, amekuja huku kumzika mamake. Nilimpa mkono wa rambirambi, na baada ya hitima nikamuuliza. Sikutaka kumuuliza, lakini wewe ulikataa kunijibu. Amesema alikuwa ameshaitoa zumari mdomoni na anafuta midomo. Kamaludin alikuwa ameshashusha fimbo yake na kukupanulia mikono mkumbatiane. Ndipo ulipompiga.

Nililia, mwanangu. Mtu amekutukana, ndiyo, na tusi lenyewe baya. Ungemtukana nawe. Ungengoja zumari ilie tena ukamvunja mbavu, nami ningekutetea mpaka kwa Gavana. Lakini amekufungulia mikono!

Afisa nimemwandikia. Nimemwambia mambo mawili. La kwanza, pigo lile halikuwa mchezo. Nisingeweza kumwandikia vinginevyo, kwa mkono huu huu uliokuchongea fimbo. La pili, hata kama halikuwa mchezo, si la meneja. Kampuni ilikuajiri ulinde ghala na usimamie watu wake kazini. Haikununua Ijumaa zako wala harusi zetu. Leo meneja akimfukuza mtu kwa kilichotokea Kuze, kesho atamfukuza mwingine kwa kugombana na mkewe, na kesho kutwa kwa kusali msikiti asioupenda yeye. Aliyekosewa ni Kamaludin, na wenye kukuhukumu ni sisi. Ikiwa kuna wa kukupeleka kwa kadhi au polisi, ni yeye.

Hukumu yangu ni hii. Usiingie uwanjani tena maisha yako yote. Na neno mchezo usijifichie ndani yake. Joab alikuuliza ulimpiga, nawe ulimjibu kweli bila kujijua.

Ukirudishwa kazini, utamkuta Kamaludin kwenye mizani. Hapo sina la kukuandikia, utaona mwenyewe.

Mjomba wako,
Sheikhan


Kibokoni, Mombasa
12 Mei 1947

Mjomba wangu,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, nivumilie.

Barua yako ilinitia hasira, nikaikunja nikaitupa uvunguni. Lakini ile uliyomwandikia Afisa ndiyo iliyonirudisha kazini. Afisa alimwambia meneja kwamba ya harusini si ya kampuni, madhali hakuna mahakama iliyonitia hatiani. Nikapewa funguo zangu. Nikaingia ghalani nikatoa salamu, na hakuna aliyeitikia. Kamaludin alikuwa kwenye mizani, kitambaa kimemziba jicho.

Nikamwendea. Nikamwambia mbele ya wote, "Zumari ilikuwa imekoma. Niliisikia ikikoma. Nisamehe."

Akanyanyua jiwe la mizani, lile la chuma, akanipiga nalo mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akanipiga begani, nikaanguka juu ya ngozi, akanifuata pale chini akanipasua sikio. Alikuwa akilia huku akipiga, jicho moja linatoka machozi na lingine linatoka usaha chini ya kitambaa. Mkono wangu mmoja ulikuwa mzima na sikuunyanyua. Makuli walisimama wakitazama. Nadhani wangemwacha aniue.

Meneja akaja mbio na Joab nyuma yake. Joab akaniuliza, "Amekupiga?"

Kamaludin bado alikuwa na chuma mkononi, hata kukificha hakukificha. Hii haikuwa Kuze, Mjomba. Ilikuwa ndani ya ghala, saa za kazi, mbele ya kila mtu. Angefukuzwa pale pale na kufungwa juu yake, na nani angemwajiri tena mpimaji wa jicho moja?

Nikasema, "La. Tulikuwa tukicheza. Mimi ndiye niliyemwita tucheze."

Joab akautazama mkono wangu ulivyopinda, akakitazama kile chuma. "Mchezo?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mchezo." Najua ulinikataza neno hilo. Sikulitumia kujificha mimi.

Joab akatafsiri. Meneja alisema maneno mengi kwa kasi, na Joab akanipa machache, polepole, kama mtu anayesoma khati ya msiba. Afisa amemfundisha kwamba ya nje si yake. Ya ndani ni yake. Mnyapara anayewachezesha watu ghalani hana kazi hapa. Safari hii sikubisha. Nikamkabidhi Joab funguo.

Kamaludin akanifuata mpaka langoni. Nikadhani anakuja kunimaliza. Akavua kilemba chake, akanifunga mkono, akakaza kwa nguvu mpaka nikapiga kelele.

"Siyakusamehe," akasema.

Nikamwambia najua. Akarudi kwenye mizani yake, maana ngozi za asubuhi zilikuwa bado hazijapimwa.

Mpwa wako,
Taib