Majoho Mawili, Mkono Mmoja

3 Machi

Mama yangu,

Huyu mjukuu wako kaniua sasa hivi! Kamera zimewashwa, watu wote kimya, mara yeye kachomoka nyuma ya pazia na kupaza sauti: "Mwongo! Yote mawili kashona mama!"

Shikamoo lakini. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila moyo wangu unadunda kama cherehani kibovu.

Nikueleze. Kile kipindi cha watoto ninachoshonea nguo kina wapelelezi wawili, msichana na mvulana, na safari hii wako kwenye jumba la maigizo. Joho la mfalme limeibwa, mwizi kaacha la bandia. Wanayapata yote mawili, wanapima mishono kwa rula, kisha msichana anasema, "Haya yameshonwa na watu wawili tofauti." Sasa mama, yote nimeshona mimi! Watu wazima kumi pale, hakuna aliyeona. Wangu, miaka mitano, kaona.

Mwongozaji akayashika, akayatazama weee. "Mtoto kasema kweli. Tunawafundisha watoto kuchunguza, halafu tunawadanganya?" Kazi imesimama. Nami bado niko kwenye majaribio ya kazi, mwezi haujaisha. Nimejaribu kushona kama mtu mwingine, mkono umekataa.

Wewe unashona kwa kushoto, mishono yako inalala upande wa pili. Kitambaa nimekifunga humu. Nishonee la bandia, mama, lifike kabla ya tarehe kumi na tano.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linataka kukaa, mimi nataka kutembea, kutwa tunagombana. Nyie hamjambo?

Joho hili hapa. Siku mbili nimeshona, baba yako akapika mwenyewe, tukala wali ulioungua. Ananiuliza, "Unamshonea nani?" Nikamjibu, "Mwizi." Hajacheka mpaka leo.

Usilipige pasi, mishono italala na ushahidi upotee. Na usiwaambie umelipata dukani. Sema, "Mimi nilishindwa, kashona mama yangu." Wakikufukuza kwa kusema kweli, nyumbani ni kwako. Mjukuu wangu usimguse! Ana macho ya fundi.

Mama yako

16 Machi

Mama,

Shikamoo, na hilo goti nalo shikamoo!

Nilisema kama ulivyonituma. Mwongozaji akageuza joho, akauliza, "Mama yako anatumia mkono wa kushoto?" Nikamwuliza kajuaje. "Nimechunguza," akasema, watu wakacheka.

Leo asubuhi ndiyo wamepiga picha. Yule msichana mpelelezi aliinama na kioo chake cha kukuzia, akasahau maneno aliyokariri, akaruka juu: "Jamani! Kweli ni watu wawili!" Hata fundi wa taa juu ya ngazi alipiga makofi, nusura aanguke.

Kisha mwongozaji akasema watoto majumbani hawajui kusoma mshono, lazima mtu awafundishe. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mimi niliishia darasa la tano!" Akasema, "Sindano ilikuomba cheti? Majaribio yamekwisha, kazi ni yako. Nenda ukapakwe poda."

Basi nimepakwa, mama! Nakuandikia juu ya meza ya pasi, nikisubiri kuitwa mbele ya kamera. Nimeshajua nitakavyoanza. Nitashika sindano juu waione, niseme: "Watoto, hii nimefundishwa na mama yangu, na yeye ndiye aliyemshonea mwizi."

Wananiita, mama, taa zimewaka, naenda!