Dereva na Kitambaa cha Kufuma

Jumamosi, jioni

Natangaza kwa masikitiko: dereva wa grafiki, ile programu inayoendesha picha kwenye kompyuta yangu, amefariki mara ya nne leo, katikati ya mechi.

Nilimfuta, nikamweka upya, nikamrudisha wa zamani. Kila mchezo ukinoga, skrini nyeusi.

"Dereva amekufa tena," nikasema.

Mama akashtuka. "Maskini! Ana watoto?"

Mwishowe akamwita jirani yetu Eliya, bila kuniuliza. Eliya, ambaye kompyuta nilimfundisha mimi! Siku hizi mtaa wetu mzima wa Levolosi fundi ni yeye.

Hakugusa hata kibodi. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, akacheka. "Kaka, mashine inaungua. Nani kaifunika?" Akakivuta kitambaa cha kufuma cha Mama kilichokuwa juu yake, akakikunja taratibu kama mkwe anayejipendekeza. Tukacheza saa nzima, haikuzimika.

"Mungu akubariki, mwanangu," Mama akamwambia, akammiminia chai kwenye kikombe cha wageni. Mimi sijawahi kunywea kikombe kile.

Nilitaka kumlaumu Mama kwa kitambaa chake. Lakini nilikitandika mimi, Jumapili iliyopita, ili kompyuta yangu ipendeze kuliko ya Eliya.