Taulo la Kona Yetu

Koboko, 9 Machi 2025

Ndugu yangu Fadhul,

Salamu mingi. Hali yako, na Mama Medina, na hayo magoti? Mimi niko, ila mkono inatetemeka, binti yangu Nabila ndiye anaandika. Simu sisikii, sikio unalijua.

Tuliona pigano la uzito wa juu kwenye kibanda cha video. Hawa si mabondia. Wanapigana mara moja kwa mwaka, wanakimbiana kama watu wenye kesi. Mmoja alikaa kwenye kiti cha kona akasema amechoka. Mimi pigano lile la kambini, wewe ukiwa kwenye kona yangu, raundi ya nane, jicho limefunga, nilisimama. Sema ukweli: enzi hii iko na bondia hata mmoja?

Ndugu yako,
Sule

Awindiri, Arua, 16 Machi 2025

Ndugu Sule,

Sisi wazima, magoti ndiyo hivyo tena. Hawa ni wazuri, Sule. Mtu wa kilo mia na ishirini anacheza miguu kama bondia wa uzito mwepesi. Kwetu nani aliweza? Kukimbiana ni aibu, nakubali. Lakini yule wa kwenye kiti simlaumu. Amerudi nyumbani anawajua watoto wake.

Nabila alipokuja Arua aliniambia unamwita kwa jina la marehemu dada yako. Ni kweli?

Ndugu yako,
Fadhul

Koboko, 2 Aprili 2025

Fadhul,

Natumaini mko salama. Nabila anasema mingi. Wewe umekuwa laini. Bahati yangu siku ile taulo ya kona yetu ilipotea, ungenirushia wasimamishe pigano.

Ndugu yako,
Sule

Awindiri, 10 Aprili 2025

Ndugu Sule,

Salamu kwa wote. Taulo halikupotea. Nililikalia.

Uliniapisha mbele ya kambi nzima: nikirusha taulo, mimi si ndugu yako tena. Raundi ya tano nikaona unamrushia refa ngumi, ukidhani ndiye mpinzani. Nikaogopa wenzetu watatucheka. Ulipigwa raundi tatu zaidi, na mimi nimekaa juu ya taulo. Huko kutetemeka nimekuletea mimi, na inaniuma kila siku. Nisamehe kabla hujasahau.

Ndugu yako,
Fadhul

Koboko, 28 Juni 2025

Baba Fadhul,

Salaam alaykum. Mama anakusalimia. Samahani kwa kuchelewa.

Barua yako nimemsomea mzee mara tatu. Kila mara anauliza aliyekalia taulo ni nani. Nikikutaja, anakasirika: “Fadhul ni ndugu yangu. Hawezi.”

Mimi hanijui tena, baba. Wewe anakujua. Msamaha nimeshindwa kukupatia. Ila kila asubuhi anauliza kama umejibu ile habari ya mabondia. Tafadhali mjibu.

Mwanao,
Nabila

Awindiri, 4 Julai 2025

Ndugu yangu Sule,

Salamu mingi, natumaini umeamka vizuri. Nimefikiri sana, umeshinda. Enzi hii haina bondia. Hakuna anayesimama kama ulivyosimama wewe.

Na taulo lilipotea, ndugu yangu. Tulilitafuta wote.

Ndugu yako,
Fadhul