Vidonge vya Saa Mbili

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe, wifi na wanangu, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua. Sisemi wazima, maana nimechoka kusema yasiyo kweli, ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Nikisikia sauti yako huwa mdogo wako tena, nasema hatujambo, na mambo yanaishia hapo.

Wazee tunaowatunza hapa makaoni sasa ni tisa. Bibi Kengele, yule mwalimu mkuu mstaafu, bado anawapanga wenzake mstari kabla ya chai, na kila mgeni anamwambia nyumba hii ni yake, sisi ni wapangaji wakorofi. Chumba chako cha zamani wanalala wawili. Mama anaamka kabla ya wote, anafungua madirisha, anapita kitanda hadi kitanda akiuliza nani ameamkaje. Ukimwona kwa mbali utasema ni yuleyule aliyeanzisha makao haya kwa vitanda vitatu na birika moja.

Kwa karibu, kaka, si yeye. Amekuwa akitia chumvi kwenye chai. Ananiita kwa jina la marehemu mama mdogo. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye korido na shuka mkononi, akaniuliza kwa adabu, kama mgeni, mlango wa kutokea uko wapi. Nikacheka, naye akacheka, tukaenda kutandika kitanda.

Nilikueleza kwenye simu habari ya Fundi Saa, mmoja wa wazee wetu. Nilikwambia muuguzi alikosea dawa, tukamwachisha kazi. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi, wazee wote wako mezani. Vidonge vya kila mmoja huwekwa kwenye kikombe kidogo chenye jina lake. Fundi Saa, ambaye hana kisukari, alipewa vidonge vya kisukari vya Bibi Kengele. Mkate aliusukuma pembeni bila kuuonja, maana alikuwa amemng'ang'ania mpishi ampe saa yake ya mkononi aitengeneze. Ilipofika saa nne jasho likaanza kumtiririka, kibano chake cha kushikia vyuma vya saa kikamdondoka. Kidogo tu akazimia, tunamwita haamki. Tulipofika hospitali, sukari ilikuwa imeshuka mno na muda umeshapita. Daktari alituambia mwili utarudi, ila hana hakika kama mzee mwenyewe atarudi.

Huu ni mwezi wa pili. Mikono ile iliyokuwa ikifungua saa ndogo kama kucha haiwezi kushika kijiko. Namlisha mimi. Hunitazama tu.

Mchana wa siku ile binti yake alikuja, akasimama sebuleni na mkoba bado begani, akauliza, "Nani alimpa baba dawa?" Mama alikuwa jikoni anaimba. Muuguzi ndiyo kwanza anatoka bafuni kumwogesha mzee mwingine, mikono imelowa.

Nikasema, "Muuguzi."

Muuguzi hakupiga kelele. Alinigeukia, akaniambia taratibu, "Dada, ulikuwa mlangoni. Uliona." Nikainamisha kichwa. Miaka sita amewageuza wazee wetu vitandani, amewakata kucha, amewasikiliza hadithi moja mara mia kama anaisikia leo. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka kitini, akatoka. Jina lake likapelekwa ofisi ya afya, akasimamishwa kazi yake ya uuguzi. Hakuna hospitali inayompokea.

Niliona, kaka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe vya chai. Nikaona mkono wa Mama unasita juu ya vikombe viwili vya dawa, kisha unachukua kimoja. Nikamsikia anambembeleza Fundi Saa, "Meza, baba, meza." Nilijua palepale kwamba yanipasa kuweka sinia chini nikaangalie jina. Nikaona haya kumkagua mama yangu mbele ya wazee wake.

Na si hilo tu. Miezi minne kabla, nilimpeleka kwa daktari bila kukuambia. Nikapewa karatasi inayosema Mama asiguse tena dawa za mtu yeyote. Niliificha kabatini, chini ya mashuka. Niliogopa ndugu wa wazee wakijua watawaondoa, na Mama bila wazee wake atakwisha.

Jana niliipeleka karatasi ile ofisi ya afya, nikaeleza yote, nikatia sahihi. Wameahidi kumrudishia muuguzi jina lake. Makao yatafungwa, na Ijumaa ijayo magari yatakuja kuwachukua wazee. Mimi nitaitwa kujibu. Nikapitia kwa muuguzi. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake. Nilipomaliza, akauliza kama Fundi Saa anageuzwa kila baada ya saa mbili. Nikasema ndiyo. Akafunga mlango.

Leo asubuhi nilikuwa namchana Mama nywele. Akanishika mkono, macho yake maangavu kama zamani, akauliza, "Yule fundi, ni mimi niliyempa?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama."

Akashusha pumzi, akashukuru Mungu. Baada ya muda akaniuliza tena. Mpaka sasa ameniuliza mara tatu, na mara tatu nimemdanganya. Ofisini niliweza kusema kweli mbele ya watu nisiowajua. Kwake mdomo haufunguki.

Njoo, kaka. Sikuombi unitetee. Njoo Ijumaa hiyo ukae na Mama, kwa sababu atasimama getini awaulize wale watu wanawapeleka wapi wazee wake, na mimi sitaweza kusimama kando yake peke yangu. Nimefika mwisho wa nguvu zangu.

Nibusie watoto, na wifi mwambie anisamehe kwa kukuondoa nyumbani. Mama nimemwambia nakuandikia. Anakusalimu sana. Anasema usijisumbue kuja, huku kila kitu kiko sawa.

Ni mimi, mdogo wako.